Magurudumu ya Mwenye Nyumba wa Ihanda

Tabita aliteremka kwenye lori mjini Tunduma akiwa na baiskeli ya injini ambayo gurudumu lake la nyuma lilikuwa limejikunja kama chapati. Utingo aliyemsaidia kuishusha kutoka juu ya magunia alimuuliza kama anakwenda kuizika. Tabita akamwambia kwamba atamzika yeye kwanza, akaiinua baiskeli upande wa nyuma na kuanza kuisukuma kuelekea maduka ya vipuri. Hakuwa na muda wa utani. Kesho yake asubuhi basi la Mbeya lilikuwa lishushe Mlowo kisanduku cha barafu chenye chanjo ya surua ya watoto wa Itaka, na kutoka Mlowo kwenda Itaka hakikuwapo chombo kingine cha kukifikisha kabla barafu haijayeyuka ila hicho alichokuwa akikisukuma.

Gari la idara ya afya lilikuwa limekwenda vitani Kagera. Dereva wake alikuwa Jairo, mume wa Tabita, naye amekwenda nalo. Mara ya kwanza baada ya gari kuondoka, akina mama wa Itaka waliacha palizi, wakakaa zahanati na watoto wao tangu asubuhi, na kisanduku kikalala Mlowo mpaka barafu ikawa maji. Mara ya pili Tabita alikwenda kukichukua mwenyewe kwa baiskeli ya injini. Kwenye kilima cha kwanza baada ya Mlowo gurudumu la nyuma likaingia kwenye shimo na halikutoka tena likiwa duara. Alifika Itaka kwa miguu jua likizama, dawa zikiwa na joto la chai. Akazimwaga mbele ya macho ya wote, mtu asije akasema kwamba nesi amezipeleka ng'ambo kuziuza.

Siku ile mama mmoja aliyeitwa Nesta, mwenye shamba kubwa na ulimi usio na uzio, alisimama mbele ya wenzake na mtoto mgongoni.

"Nesi, nitakuja tena kwa sababu nakupenda," alisema. "Nikikuta maji ya moto, usiniite tena. Na hawa wote watakaa nyumbani na mimi."

Tabita alijua kwamba Nesta hakuwa akitisha tu. Watu wa Itaka walikuwa wakimfuata huyo mama kuliko walivyomfuata mwenyekiti wa kijiji. Na surua ilikwishaingia kijiji cha jirani.

Baiskeli yenyewe haikuwa na kosa kubwa. Iliachwa zahanati na sista mmoja mzungu aliyerudi kwao: fremu nyeusi nzito, na katikati yake injini isiyozidi sufuria ya ugali wa watu wawili, yenye cheni yake upande wa kushoto. Cheni hiyo ilivuta sahani ya meno iliyofungwa kwa bolti kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Pedeli zilibaki upande wa kulia na cheni yao ya kawaida. Injini ilikunywa petroli kwa adabu, kama kuku anavyokunywa maji. Shida ilikuwa magurudumu. Yalitengenezwa kumpeleka mtu kanisani kwenye njia iliyofagiwa. Hayakutengenezwa kwa barafu, matope ya Mbozi na injini inayovuta spoki kama mtu anayeng'oa magugu. Kwa hiyo Tabita hakwenda Tunduma kutafuta gurudumu jipya. Alikwenda kutafuta magurudumu ya kazi, la nyuma na la mbele.

Duka la Yahaya lilikuwa karibu na mpaka. Yahaya alikuwa mtu wa Ujiji, mnene, mcheshi, aliyeweza kumsalimia Mzambia kwa Kibemba, kumtania Mnamwanga kwa Kinamwanga na kumbembeleza kila mtu kwa Kiswahili. Alimwonyesha Tabita gurudumu linalong'aa kama kioo, akasema limetoka ng'ambo jana, na kwamba akilifunga hilo, hata mumewe akirudi kutoka vitani atamwomba ampakie.

Tabita alilichukua, akazibana spoki mbili kwa vidole. Zikakutana kama nyasi za ufagio. Akaigonga rimu kwa kucha, ikalia kama kopo tupu.

"Hili ni la kwenda harusini," alisema, akamrudishia.

Yahaya hakukasirika. Alikuwa mfanyabiashara aliyependa mteja mgumu, alivyosema, kwa sababu mteja mwepesi humrudia siku ya pili akilia. Akaingia ndani, akatoka na gurudumu la guta, ile baiskeli ya mizigo ya miguu mitatu, nene, zito, ambalo Tabita alipolibana halikusogea hata kidogo. Aliipindua baiskeli miguu juu palepale barazani, akafungua nati za gurudumu lililokunjika na kujaribu kuliingiza la guta. Halikuingia. Habu yake, kile kitovu cha katikati, ilikuwa pana kama ngoma. Wangeipanua fremu mpaka ipasuke na bado lisingekaa. Alilishika kwa muda kabla ya kulirudisha, kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani.

Yahaya alikuna kidevu, akasema kwamba sasa ameelewa anachotafuta. Kipo, lakini si dukani. Mwaka ule Wachina walipokuwa wanamalizia reli aliwahi kupata magurudumu mawili ya baiskeli ya mzigo, rimu nene, spoki arobaini nyuma, kila spoki kama msumari, na habu ya kawaida tu. Alimwuzia mzee mmoja Mndali wa Ihanda, ambaye aliyakagua tangu asubuhi mpaka adhuhuri kabla ya kukubali.

"Anaitwa Mzee Anyosisye," alisema Yahaya. "Unamfahamu?"

Tabita alitazama pembeni kana kwamba jina lile lilipita na kumkosakosa.

"Ni baba yake mume wangu."

"Basi kazi imekwisha."

"Kazi ndiyo inaanza," alisema Tabita.

Yahaya hakuelewa, kwa maana kwao Ujiji mkwe huketi na mkwe wakanywa kahawa. Kwa Wandali si hivyo. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tangu aolewe Tabita hakuwahi kuuona uso wa mzee yule, wala kulitamka jina lake, wala kusema naye neno. Mzee akiingia uani, yeye hutokea nyuma. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite, na jambo ambalo watu hawalisemi ni kwamba mara nyingi anayekimbilia vichakani ni mzee mwenyewe. Akimtaja, Tabita husema "mwenye nyumba". Yeye alikuwa Mnyiha, msomi wa chuo cha uuguzi, na alipoolewa alidhani ataicheka mila hiyo. Baadaye aliona wenzake wanavyogombana na wakwe zao wanaowaona kila siku, akaamua kwamba kuna upumbavu mbaya zaidi ya huo. Alipokuwa na ujumbe aliupeleka kwa Jairo. Sasa Jairo alikuwa Kagera.

Alipanda lori la mahindi linalorudi Mlowo, akashuka njia panda ya Ihanda na baiskeli yake, akaisukuma kwenye njia ya mibuni mpaka nyumbani kwa wakwe zake. Mita kadhaa kabla ya uzio akakohoa kwa nguvu na kupiga hodi. Alisikia kigoda kikikwaruza, kisha miguu ikienda upesi nyuma ya nyumba. Alipoingia alikuta kigoda kitupu na moshi wa kiko bado unaning'inia hewani.

Mama mkwe wake, Enesi, alitoka jikoni akifuta mikono. Tabita hakuzunguka. Alimweleza habari ya surua, ya kisanduku, ya shimo la kilimani, ya Nesta na ya Yahaya, akamwambia kwamba anayataka magurudumu ya mwenye nyumba leo hii hii, na kwamba mvua zikiisha atayarudisha.

Enesi aliitazama baiskeli nyeusi ya mzigo iliyoegemea ukutani chini ya upenu, safi kuliko kitu chochote pale uani.

"Mama Ruti," alisema, akimwita Tabita kwa jina la mwanawe, "umemwomba mtu macho yake."

Hata hivyo akaenda nyuma ya nyumba. Nyumba haikuwa kubwa, na Tabita alisikia kila neno. Alisikia Enesi akieleza, akajutia kila kitu. Kisha sauti ya mzee ikatoka, wala haikuwa ya chini. Alimwagiza Enesi amuulize mkamwana ni spoki za upande gani zilizokatika.

Enesi akaja mpaka kwenye kona ya nyumba. "Anauliza ni za upande gani."

"Mwambie za kushoto, upande wa injini."

"Anasema za kushoto."

Mzee akataka kujua kama huko Tunduma alizivuta spoki kwa mkono au alitazama mng'aro tu. Tabita akasema aambiwe kwamba gurudumu la mng'aro amelikataa na kumrudishia mwenyewe. Mzee akauliza na la guta je. Tabita akajibu habu ilikuwa pana. Enesi alisimama pale konani akigeuza shingo huku na huku, mpaka akachoka.

"Mnasikiana," alisema. "Mimi nina maharage jikoni."

"Usiende," walisema wote wawili kwa pamoja, mmoja mbele ya nyumba na mwingine nyuma.

Mwishowe mzee akatoa neno. Magurudumu anayatoa. Magurudumu hayana mkwe. Lakini hakuna mkono utakaoyafungua na kuyafunga ila wake, kwa maana ndiye aliyeyafunga siku ya kwanza na anajua gololi zake moja moja. Tabita alitaka kuruka kwa furaha, kisha akakumbuka jambo. Akamwomba mama amwambie mwenye nyumba kwamba ile sahani ya meno hakuna anayejua inavyokaa ila yeye. Ikikaa upande kidogo, cheni ya injini inaruka, na yeye anaruka nayo.

Hapo Enesi alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Watu wawili wasioonana walitaka kufunga gurudumu moja.

Enesi ndiye aliyepata dawa. Aliingia chumbani akatoka na shuka ya kitanda, akaitandaza kwenye kamba ya kuanikia nguo iliyotoka kwenye nguzo ya upenu mpaka kwenye mbuni. Baiskeli ya Tabita ikapinduliwa, siti na usukani chini, ikasimamishwa sawasawa chini ya kamba. Shuka ikaning'inia katikati, ikaishia juu kidogo ya fremu. Tabita akakaa upande wa kushoto, wa injini. Mzee akaja kwa upande wa kulia, akikohoa ili mkamwana ainamishe kichwa, akaketi kwenye kigoda. Uso haukuonekana. Ilionekana mikono tu. Enesi alifikiri, akaamua kwamba mikono si kitu.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, Tabita aliiona mikono ya baba mkwe wake: vidole vifupi, kucha zilizopasuka, na kovu refu juu ya kidole gumba. Vilikuwa vidole vya Jairo vilivyozeeka. Alitazama pembeni haraka.

Gurudumu la nyuma lilipita chini ya shuka likija kwake. Alilipokea mapajani. Lilikuwa zito kama mtoto aliyeshiba. Alizibana spoki, zikakataa. Akazipiga kwa bisibisi moja baada ya nyingine, akizungusha, na zote zikalia sauti ileile, kavu, safi, bila hata moja iliyolegea. Akashika ekseli kwa vidole viwili na kulizungusha gurudumu karibu na sikio. Gololi zikanong'ona ndani ya grisi. Tabita hakuweza kujizuia.

"Mama, mwambie mwenye nyumba kwamba hili ni gurudumu."

Enesi alisema hilo kila mtu analiona. Lakini upande wa pili wa shuka mikono ile miwili ilitulia juu ya magoti kidogo, halafu ikasuguana.

Kazi ikaanza, na ilikuwa tamu. Tabita aliitoa sahani ya meno kwenye gurudumu lililokufa, akakata vipande vya mpira wa tairi kuukuu, akavilaza pande zote mbili za spoki nene ili chuma kisile chuma, akazipitisha bolti katikati na kukaza, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka sahani ikakaa imara. Gurudumu lilipogoma kuingia kwenye fremu, kwa kuwa habu ilizidi kwa unene wa kidole, mzee alipenyeza mpini wa jembe, akasukuma akiguna, fremu ikafunguka, na Tabita akaisindikiza ekseli mahali pake. Ilipoingia ilitoa mlio wa mlango unaojifunga. Spana ilikuwa moja tu. Ilipita chini ya shuka, ikaenda, ikarudi, mkono hadi mkono, na baada ya muda hakuna aliyemwagiza Enesi kuiomba. Ilikuwa inanyooshwa tu na kupokewa.

"Upande wangu sawa," alisema mzee, akimwambia mkewe.

"Mwambie na wangu sawa," alisema Tabita.

Mzee akaondoka nyuma ya nyumba. Shuka ikafunuliwa. Tabita akaisimamisha baiskeli, akakanyaga pedeli, injini ikakohoa, ikashika, akatoka uani akipiga kelele kama msichana wa shule. Hakufika uzioni. Kukasikika mkwaruzo wa tairi kwenye fremu, cheni ya injini ikaruka, na Tabita akaingia kwenye mahindi ya mama mkwe wake, kichwa kikitangulia.

Alitoka na majani kwenye nywele. Hakuumia, ila hasira zilimpanda, na jua nalo lilikuwa linashuka. Kutoka nyuma ya nyumba sauti ilisema aambiwe kwamba upande wa kulia ulikuwa sawa kabisa. Tabita akasema aambiwe kwamba na wa kushoto ulikuwa sawa kabisa, naye hakuolewa katika ukoo huu ili asingiziwe. Enesi hakupeleka ujumbe wowote. Aliinama nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja, akalitazama gurudumu kwa nyuma, kama mtu anayetazama mstari wa mahindi kama umenyooka.

"Pande zenu ni sawa," alisema. "Gurudumu ndilo limelewa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mzee alikuwa amevuta mwisho wake wa ekseli mpaka cheni ya pedeli ikakaza vizuri. Tabita alikuwa amevuta wa kwake mpaka cheni ya injini ikakaza vizuri. Kila mmoja aliuona upande wake na kusema kweli, na katikati yao gurudumu likakaa kishingo upande, maana hakuna aliyeweza kuliona lote. Fundi yeyote angesimama nyuma akatazama. Wao shuka ilikuwa imewakataza.

"Baba Jairo, rudi," alisema Enesi. "Mama Ruti, pindua hiyo baiskeli. Safari hii mimi ndiye macho."

Shuka ikarudishwa. Enesi, ambaye hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake, alivunja bua kavu la muhindi akasimama mwisho wa shuka, mahali ambapo aliweza kuona pande zote mbili. Alipenyeza bua kati ya tairi na fremu upande wa mumewe. Likaingia na nafasi ikabaki. Akalipenyeza upande wa mkwewe. Halikuingia. Akatoa amri. Baba alegeze. Mama Ruti asukume mbele. Simameni. Baba asivute, nani amemwambia avute. Mzee aliyezoea kuagiza watu katika nyumba ile alitii kama mwanafunzi mgeni, na Tabita alisikia akivuta pumzi kwa pua, hakujua kama ni kwa hasira au kicheko. Bua likapita kushoto. Likapita kulia. Gurudumu likazungushwa, na safari hii lilikata hewa katikati ya fremu bila kugusa popote, likizunguka, likizunguka, mpaka wote watatu wakabaki wanalitazama tu.

Cheni ya injini sasa ilikuwa imelegea. Tabita alitoa pingili moja kwa nyundo na msumari, akaiunga tena, ikakaa. Gurudumu la mbele halikuwa na ubishi, liliingia lenyewe. Breki zilishika rimu zote mbili. Alipotoka uani mara ya pili alipita uzio, akapita mibuni ya jirani, akateremka mpaka kijitoni na kupanda tena, juu ya mizizi na mawe, na chini yake baiskeli ilikuwa imara kama meza. Aliporudi Enesi alikuwa anapiga makofi. Na nyuma ya nyumba mtu alikuwa anacheka, kicheko kinene ambacho Tabita hakuwahi kukisikia.

Asubuhi, kabla giza halijaisha vizuri, alipokuwa anakunywa uji, Enesi alimwambia kwamba mwenye nyumba ameondoka bila hata chai, na jembe begani, akadandia lori barabarani. Hakusema anakwenda wapi. Baiskeli yake ya mzigo ilibaki chini ya upenu, imekaa juu ya matofali, bila miguu.

Basi la Mbeya lilifika Mlowo mapema kuliko siku zote. Tabita alifungua kifuniko cha kisanduku, akaiona barafu, nyeupe, ngumu, akakifunga haraka kana kwamba kuitazama kungeiyeyusha. Alikizungushia blanketi, akakifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, akavuta mpaka mipira ikalia. Wenye maduka walitoka kutazama. Mmoja akasema leo nesi ana magurudumu ya treni. Akakanyaga, injini ikashika, akaondoka.

Kilima kile kilikuwa mbele, chekundu, kinang'aa kwa mvua ya usiku. Alikiogopa tangu alipoamka. Alichukua mwendo tangu chini, injini ikinguruma, kisha ikianza kulia, naye akakanyaga pedeli kuisaidia. Alilitafuta lile shimo. Halikuwapo. Mahali pake palijazwa mawe na mabua ya mahindi, yamepondwa yakapondeka. Jembe lilikuwa limesimikwa kando ya njia, na ndani ya mibuni alisimama mtu mwenye koti kuukuu, amegeuza mgongo, kichwa ameinamisha, mikono ameikunja nyuma. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kovu refu.

Tabita alijua anachopaswa kufanya. Anapaswa kushuka na kuingia kichakani upande wa pili. Lakini akishuka hapa, injini hii haitaondoka tena kwenye utelezi huu, na barafu haina heshima kwa mila. Aligeuza uso upande mwingine na kuendelea. Gurudumu la mbele likapanda mawe. La nyuma likafuata, likayumba, matope yakaruka, injini ikaanza kukata pumzi.

Ndipo sauti ikapasuka kutoka kwenye mibuni.

"Mama Jairo! Mwambie asiache kukanyaga!"

Mama Jairo alikuwa Ihanda, pengine anapika. Tabita alikanyaga. Alikanyaga kwa uzito wake wote, akasimama juu ya pedeli, akazisikia zile spoki arobaini zikishika mzigo bila hata moja kulia, na gurudumu likauma jiwe la mwisho na kumtupa juu ya kilima.

"Mama!" alipiga kelele bila kugeuka, akicheka huku machozi yakimtoka. "Mwambie nimesikia!"

Akapiga kengele mpaka kona ikamficha.

Alipokaribia Itaka aliwaona kwa mbali, mstari wa khanga ukitoka zahanati, Nesta mbele, mtoto mgongoni. Jua lilikwishapanda na Nesta alikuwa amesubiri kiasi alichoona kinatosha. Mlio wa injini uliwafikia kabla ya Tabita. Mstari ukasimama. Akapita katikati yao akiwarushia matope, hakuomba radhi, akashuka mlangoni, akafungua kisanduku akakiinamisha wote waone. Vipande vya barafu viligongana ndani.

Nesta alichungulia, akaingiza kidole, akakitoa haraka. Halafu akaizunguka baiskeli, akalipiga teke gurudumu la nyuma, kwa heshima.

"Haya ni ya nani?"

"Ya mtu ambaye sijawahi kumwona uso," alisema Tabita, akiwa tayari ananawa mikono. "Mlete huyo mtoto."

Nesta akamtazama, akaona hataambiwa zaidi, akamshusha mtoto mgongoni na kuanza kumvua shati.